Wenzako Wamelipwa, Wewe Bado

Mfanyakazi anayekwenda kwa mhasibu kusema mshahara wake haujaingia hupewa jibu moja kati ya mawili: "Subiri mpaka jioni," au "Kaulize benki yako." Mara nyingi jibu hutolewa kabla mtu hajafungua hata faili moja. Jioni inafika, Jumatatu inafika, na mlinzi wa zamu ya usiku aliyekuwa anategemea pesa hiyo kulipa kodi ya chumba anaanza kukopa kwa watu wa mikopo ya kausha damu, ili azibe pengo ambalo si yeye aliyelisababisha. Na kama pesa ilikwenda kwenye akaunti ya mwizi, mwizi amekwisha kuitoa yote.

Ninaandika kwa wanaolipwa na kwa wanaolipa. Ninachowaomba wote ni kitu kimoja: malalamiko ya mshahara yachukuliwe kama tukio tangu saa ya kwanza. Mengi yatakuwa makosa ya kawaida ya uandishi. Machache yatakuwa wizi. Ukiyatazama kwa nje yanafanana kabisa, na hakuna namna ya kuyatofautisha zaidi ya kufuatilia pesa ilikokwenda. Mfanyakazi aliyekuja kulalamika ndiye shahidi wa kwanza, na mara nyingi ndiye shahidi pekee, kwamba kuna kitu kimeharibika kwenye orodha ya mishahara. Ukimfukuza dirishani umemfukuza shahidi.

Tuanze na huyo mfanyakazi.

Kabla hujaenda kwa mhasibu, uliza wenzako wawili: mmoja mwenye akaunti kwenye benki ileile yako, na mwingine mwenye akaunti kwenye benki ambayo mwajiri anaitumia kulipia. Ikiwa hakuna aliyepata, tatizo liko kwa mwajiri: ama fedha hazitoshi, ama malipo hayajaidhinishwa. Ikiwa wa benki ya mwajiri wamepata na wa benki nyingine zote bado, malipo yako njiani. Hapa Tanzania malipo baina ya benki hupita kwenye mifumo ya Benki Kuu kama TISS na ule wa TACH, na faili lililotumwa Ijumaa jioni, au mkesha wa sikukuu, linaweza lisionekane hadi siku ya kazi inayofuata. Lakini ikiwa wenzako wa benki yako wamepata na wewe peke yako hujapata, acha kusubiri. Tatizo liko kwenye mstari wako, na mstari huo unapaswa kusomwa leo.

Pili, usitazame salio tu. Omba taarifa ya akaunti ya siku mbili tatu zilizopita. Salio la sifuri halina maana kwamba mshahara haukuingia. Huenda uliingia alfajiri ukakatwa na marejesho ya mkopo wa benki, mkopo wa dharura uliouomba kwa simu katikati ya mwezi, na tozo zilizokuwa zinakusubiri. Hilo linauma, lakini si wizi na mhasibu wako hana la kufanya. Ukikuta mshahara uliingia kisha ukahamishwa kwenda kwa mtu usiyemjua, hilo ni jambo jingine kabisa: piga simu benki wafunge akaunti papo hapo, na angalia kama laini yako ya simu bado inafanya kazi. Laini iliyokufa ghafla siku ya mshahara ni dalili kwamba huenda mtu ameihamishia kwenye kadi nyingine. Piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, na usiyoitambua ifungwe.

Tatu, shika hati yako ya mshahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 27, inamtaka mwajiri akulipe siku mliyokubaliana, na kama analipa kupitia benki, alipe kwenye akaunti uliyoitaja wewe kwa maandishi. Malipo hayo lazima yaambatane na maelezo ya maandishi. Kwa hiyo hati si fadhila ya mwajiri mwema. Isome yote: mshahara ghafi, makato, kinachobaki, na namba ya akaunti ikiwa imechapishwa. Linganisha tarakimu za mwisho na kadi yako. Wapo wanaopokea hati kila mwezi kwa miaka bila kuitazama zaidi ya pale chini kwenye jumla. Ukimaliza, ingia pia kwenye taarifa yako ya michango ya NSSF uone kama makato ya miezi iliyopita yamefika huko. Orodha ya mishahara iliyoharibika sehemu moja mara nyingi imeharibika na kwingine.

Kisha andika. Nenda ofisini ukazungumze, ndiyo, lakini siku hiyohiyo acha maandishi. Hayahitaji lugha ya kisheria: "Mimi fulani, namba ya ajira kadhaa, mshahara wangu wa mwezi huu haujaingia hadi leo saa nne asubuhi. Wenzangu wa benki yangu wamepata. Naomba kuonyeshwa namba ya akaunti mliyoitumia na kumbukumbu namba ya muamala." Sentensi ya mwisho ndiyo yenye nguvu. Anayeuliza "mshahara wangu uko wapi?" anajibiwa "subiri". Anayeuliza namba ya akaunti na kumbukumbu ya muamala anamlazimisha mtu kufungua faili.

Maandishi hayo yana kazi nyingine endapo mambo yatakwama. Mgogoro wa mshahara kwa Tanzania Bara unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na kwa migogoro isiyohusu kuachishwa kazi muda wa kufungua shauri ni siku 60. Siku hizo zinakwisha haraka kwa mtu anayeambiwa kila wiki kwamba suala lake linashughulikiwa. Walioko Kenya wana Sheria ya Ajira ya 2007, nayo inamtaka mwajiri atoe maelezo ya malipo yanayoonyesha kila makato, na inazuia makato yote kwa pamoja kuzidi theluthi mbili za mshahara.

Na tafadhali, usiweke picha ya hati yako ya mshahara kwenye kundi la WhatsApp la kazini kulalamika. Ina jina lako kamili, cheo, namba ya ajira, pengine na namba ya akaunti. Baada ya muda utapigiwa simu na mtu mwenye sauti ya upole anayejitambulisha kuwa ni wa benki, anazijua taarifa zako zote, na anachohitaji ni "kuthibitisha" tu namba iliyoingia kwenye simu yako. Benki haihitaji namba hiyo kutoka kwako. Ujumbe wa aina hiyo ukikufikia, namba ya aliyeutuma ipelekwe 15040, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imeitenga kwa kazi hiyo.

Sasa nije upande wa pili wa meza, ambako nitakaa zaidi, kwa sababu huko ndiko mlango ulikoachwa wazi.

Mhasibu au afisa utumishi akipokea malalamiko, jambo la kwanza ni kufungua faili lililopelekwa benki. Sisemi orodha ya mishahara iliyosainiwa, nasema faili lenyewe lililopakiwa, na ulishushe upya kutoka kwenye mfumo wa benki, usitumie nakala iliyoko kwenye kompyuta ya mtu. Karatasi iliyosainiwa na bosi na faili lililokwenda benki vinaweza kuwa vitu viwili tofauti, na wezi wengi wa ndani huishi kwenye nafasi iliyo kati ya hivyo viwili. Tafuta mstari wa mlalamikaji. Soma namba ya akaunti kwa sauti, tarakimu moja moja, huku mwingine akifuatisha kwenye fomu iliyoko kwenye jalada la mfanyakazi.

Orodha nyingi za mishahara za taasisi ndogo na za kati hutengenezwa kwenye Excel, na programu hiyo ina tabia ambazo kila mwandaaji anapaswa kuzijua. Namba ya akaunti inayoanza na sifuri, ikiandikwa kwenye kisanduku cha kawaida, hupoteza sifuri hiyo. Namba ndefu ya tarakimu 12 na zaidi huonyeshwa kwa mkato wenye herufi E katikati, na faili likihifadhiwa hivyo kwa ajili ya kupakiwa benki, tarakimu za mwisho hupotea. Namba inayozidi tarakimu 15 hugeuzwa: kuanzia ya 16 zote zinakuwa sifuri, bila onyo lolote. Kinga yake ni kuipa safu nzima ya akaunti muundo wa maandishi kabla ya kuingiza namba hata moja.

Kuna kosa la mkono ambalo ni baya kuliko yote hayo. Mtu anataka majina yapangike kwa alfabeti, anachagua safu ya majina peke yake, anabofya. Majina yanapanda na kushuka, namba za akaunti zinabaki palepale. Sasa Amina ana akaunti ya Juma na Juma ana ya Rehema. Jumla haijabadilika hata senti moja, idadi ya watu ni ileile, na bosi anayeidhinisha kwa kutazama jumla ataidhinisha. Katika mafaili mengi ya malipo ya pamoja kinachoongoza pesa ni namba, si jina, kwa hiyo usitegemee kwamba benki itagundua jina na akaunti havilingani.

Ukikuta namba ni sahihi, dai benki yako ikuambie hali ya muamala huo mmoja. Akaunti iliyolala kwa muda mrefu, iliyofungwa, au ambayo mwenyewe hajakamilisha taarifa zake, hurudisha pesa, na pesa iliyorudi inaweza kukaa siku kadhaa bila mtu kujua kwa sababu hakuna anayepitia taarifa ya akaunti ya mwajiri baada ya siku ya malipo. Ipitie wewe, siku ya kwanza na ya pili baada ya kulipa, kila mwezi, hata kama hakuna aliyelalamika.

Ukikuta namba siyo, uliza maswali matatu tu: imebadilishwa lini, imebadilishwa na nani, na karatasi iko wapi. Kama karatasi haipo, au ipo lakini mwenye jina hajui habari zake, umeshatoka kwenye makosa umeingia kwenye wizi, na saa zinahesabika. Piga simu benki yako, zungumza na meneja au kitengo cha udanganyifu, omba waiarifu benki iliyopokea izuie pesa hiyo. Barua ifuate ndani ya saa hiyohiyo ikiwa na tarehe, kiasi, kumbukumbu namba na akaunti iliyopokea. Nenda polisi ukachukue namba ya RB, kwa sababu benki iliyopokea haiwezi kutoa pesa kwenye akaunti ya mteja wake kwa maneno ya simu tu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa wizi wa namna hii. Na usirekebishe chochote. Kishawishi cha kusahihisha namba haraka ili mwezi ujao uende vizuri ni kikubwa, lakini ukiandika juu ya namba ya mwizi umefuta ushahidi. Chapisha, hifadhi nakala, acha barua pepe mahali ilipo. Usimpigie simu unayemshuku.

Akaunti inabadilishwaje bila mwenyewe kujua? Njia inayokua kwa kasi ni barua pepe. Inafika siku mbili tatu kabla ya malipo, ikiwa na jina la mfanyakazi halisi, pengine mkuu wa idara:

"Habari za kazi. Nimebadilisha benki, naomba mshahara wa mwezi huu uingie kwenye akaunti hapa chini. Nipo msibani kijijini, mtandao unasumbua na simu sipatikani, hivyo tuwasiliane kwa barua pepe. Nashukuru sana kwa msaada."

Kila sentensi hapo imewekwa kwa makusudi. Msiba unakufanya uone haya kusumbua. Mtandao mbovu unakuzuia kupiga simu. Shukrani inakufanya ujione umekwisha kukubali. Ukiikagua anwani ya mtumaji utakuta herufi moja imezidi au imebadilishwa, kama r na n zilizobanana zikasomeka m. Hii ni ndugu wa ule ujumbe ambao kila Mtanzania mwenye simu ameupata, wa "ile hela tuma kwa namba hii", ila huyu anamwandikia mtu ambaye kazi yake ni kutuma hela kila mwezi.

Marekani wameliona hili kwa ukubwa. Septemba 2018 FBI walitoa tahadhari kuhusu namna nyingine ya wizi huohuo: mfanyakazi anatumiwa kiungo cha uongo, anaandika nenosiri lake, na mwizi anaingia nalo kwenye mfumo wa mishahara wa kujihudumia, anabadilisha akaunti mwenyewe, kisha anaweka amri kwenye barua pepe ili taarifa za mabadiliko zisimfikie mwathirika. Taasisi zetu sasa zinahamia kwenye mifumo ya aina hiyo, ambapo mfanyakazi anaingia mwenyewe kurekebisha taarifa zake. Ni jambo jema, linapunguza foleni na karatasi. Lakini mfumo unaokubali akaunti mpya kwa nenosiri peke yake haujakamilika, na aliyeuuza anapaswa kuambiwa hivyo kabla hajalipwa.

Utaratibu ninaoushauri hauhitaji programu ya gharama. Hakuna akaunti inayobadilishwa kwa barua pepe, WhatsApp wala simu. Mfanyakazi anajaza fomu, anaisaini, anaambatanisha kitambulisho cha NIDA na karatasi ya benki yenye jina na namba ya akaunti. Akiwa kituo cha mbali, mkuu wa kituo anashuhudia. Kisha ofisi inampigia kwa namba ya simu iliyoko kwenye jalada tangu zamani, kamwe si ile iliyoandikwa kwenye ombi, na inamuuliza. Ujumbe unakwenda kwenye simu hiyo ya zamani: akaunti yako imebadilishwa, kama si wewe piga sasa. Mabadiliko yanafungwa siku tano za kazi kabla ya malipo. Aliyechelewa analipwa kwenye akaunti ya zamani mwezi huo. Anayeingiza namba mpya asiwe yule anayeidhinisha. Wapo watakaolalamika kwamba ni urasimu. Waache walalamike; dakika kumi za simu ni nafuu kuliko mshahara wa mkuu wa idara.

Wizi wa zamani zaidi ni wa wafanyakazi hewa, nao tunaujua. Mwaka 2016 Serikali iliendesha msako nchi nzima na kuondoa kwenye orodha ya mishahara majina zaidi ya 10,000. Katika siku za mwanzo za msako ule, mkuu wa Mkoa wa Shinyanga aliripoti kwamba mkoa wake haukuwa na mfanyakazi hewa hata mmoja. Uhakiki uliofuata ukawakuta 45, na aliondolewa kwenye nafasi hiyo. Ninaukumbusha mkasa huo kwa sababu ripoti ya "hatuna" ndiyo ripoti ya kawaida. Mara nyingi anayeiandika hajadanganya, ameuliza tu ofisini na ofisi ikamjibu kutoka kwenye orodha ileile yenye kasoro.

Hewa hazaliwi kutoka hewani. Mara nyingi ni mtu halisi aliyefariki, aliyestaafu, aliyeacha kazi au aliyehamishwa, na jina lake likabaki. Wakati mwingine mwanzoni hata hakukuwa na nia mbaya: taarifa ya kuondoka ilichelewa, mshahara ukaingia mwezi mmoja, hakuna aliyeuliza, na mtu mmoja aliyegundua akaona nafasi. Kwa hiyo siku ya mwisho ya kazi ya mtu ndiyo siku hatari. Fomu ya makabidhiano isiishie kwenye kurudisha funguo na kompyuta. Iwe na mstari wa mhasibu kusaini kwamba jina limetolewa, na mkuu wa idara apewe nakala.

Hewa anaonekana ukijua pa kutazama. Hachukui likizo. Hana mkopo SACCOS. Hana mtu wa kuwasiliana naye wakati wa dharura, au ana yuleyule aliyeandikwa na mtu mwingine. Akaunti yake inafanana na ya mfanyakazi mwingine, au namba yake ya NIDA imejirudia. Panga safu ya akaunti na safu ya NIDA, tafuta zinazojirudia, ni kazi ya dakika chache. Mume na mke wanaofanya kazi pamoja wanaweza kutumia akaunti moja kihalali, kwa hiyo akaunti iliyojirudia ni swali, isiwe hukumu. Kisha, mara mbili kwa mwaka bila kutangaza, mpe kila mkuu wa idara orodha ya watu wanaolipwa kupitia idara yake na umwombe asaini kwamba anawafahamu wote kwa sura. Mwalimu mkuu ataona jina la mwalimu aliyehama kwa sekunde tatu. Mkurugenzi aliye makao makuu hataliona kamwe.

Kuna hesabu moja ambayo ningependa kila anayeidhinisha mishahara aidai kabla ya kusaini, na iandikwe kwenye nusu ukurasa. Tuseme shule ililipa mwezi uliopita watu 64, mishahara ghafi shilingi 41,600,000. Mwezi huu ameajiriwa mpishi wa 400,000, ameondoka mwalimu wa 850,000, na mlinzi ameongezewa 50,000. Watu wanapaswa kubaki 64, na jumla iwe 41,200,000. Orodha ikiletwa mezani ikisoma watu 65 na 42,050,000, zidio ni 850,000 kamili, na huhitaji mkaguzi kutoka nje kukuambia kwamba mwalimu aliyeondoka bado analipwa. Kila tofauti baina ya mwezi na mwezi iwe na jina la mtu na karatasi yake. Bosi anayesaini kwa sababu jumla "inafanana fanana" na ya mwezi uliopita anasaini chochote.

Na hapa niseme wazi jambo ambalo wakurugenzi wengi hawapendi kuambiwa. Benki inatoa mfumo wenye watu wawili, anayeandaa na anayeidhinisha, kila mmoja na nenosiri lake na tokeni yake. Kisha mkurugenzi, kwa kuwa anasafiri sana, anamwachia mhasibu tokeni kwenye droo na nenosiri kwenye kipande cha karatasi. Kuanzia siku hiyo ana mtu mmoja mwenye funguo zote, na mhasibu huyo, hata akiwa mwaminifu kiasi gani, amewekwa mahali ambapo hawezi kujitetea siku pesa ikipotea. Ni kumdhulumu. Kama unasafiri, benki itaweka mwidhinishaji wa pili. Ni barua moja.

Vivyo hivyo na likizo. Sheria inampa mfanyakazi siku 28 mfululizo katika kila mzunguko wa likizo. Mwandaaji wa mishahara azichukue zote, na katika siku hizo siku ya malipo iwemo, na orodha iandaliwe na mwingine kutoka mwanzo hadi mwisho. Mhasibu asiyekubali kuachia orodha hata mwezi mmoja kwa miaka anaweza kuwa mchapakazi kupindukia. Anaweza pia kuwa anaogopa mtu mwingine ataona nini.

Wenye biashara ndogo wanaolipa watu watano au wanane kwa simu wana afadhali moja: jina la mpokeaji huonekana kabla ya kuweka namba ya siri. Lisome. Na pesa iende kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina la mfanyakazi mwenyewe, hata kama anasema ya shemeji yake ndiyo inayopatikana.

Linabaki swali ambalo huwa linawagombanisha watu: pesa ikishaibwa, nani anabeba hasara? Kwa mfanyakazi ambaye hakubadilisha akaunti, jibu langu ni moja. Sheria inataka alipwe kwenye akaunti aliyoitaja yeye kwa maandishi. Pesa iliyokwenda kwingine haijamlipa. Mwajiri amlipe sasa, kisha amsake mwizi kwa wakati wake; uchunguzi wa polisi unaweza kuchukua miezi, na mtoto harudishwi shule kwa namba ya RB. Ikiwa mfanyakazi mwenyewe alinaswa akatoa nenosiri lake, jambo linahitaji kuzungumzwa, lakini hata hapo apewe malipo ya awali asilale njaa wakati mnazungumza.

Wala haraka isiwe kumkata mhasibu. Kifungu cha 28 cha sheria ileile kinaruhusu kumkata mtu kwa hasara iliyotokana na kosa lake kazini kwa masharti: aelezwe kwa maandishi sababu, kiasi na namna kilivyokokotolewa, apewe nafasi ya kujitetea, kisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Kumkata mshahara mzima mwezi unaofuata kwa hasira ni kosa jipya juu ya la kwanza, na CMA watakuambia hivyo. Kama utaratibu wa kubadilisha akaunti haukuwepo, aliyeshindwa kuuweka ni uongozi.

Ukimlipa mfanyakazi mara ya pili, kumbuka vitabu. Huo ni mshahara uleule mmoja, kwa hiyo PAYE na NSSF vyake vihesabiwe mara moja, na kiasi kilichoibwa kiandikwe kando kama deni linalodaiwa au hasara. Wapo waliojikuta wakimkata mtu kodi mara mbili kwa sababu mfumo uliona malipo mawili. Na kabla hujafunga jalada, mwandikie barua ya kumbeba mahali alikochelewa: kwa SACCOS yake, kwa mwenye nyumba, kwa shule ya mtoto, ikieleza kwamba ucheleweshaji ulitoka kwa mwajiri na tarehe aliyolipwa. Kama alitozwa faini ya kuchelewesha marejesho, mrudishie faini hiyo kwenye malipo ya mwezi unaofuata, iwe na mstari wake kwenye hati ya mshahara.